Ubao wa Milango Kumi na Miwili: Shajara ya Mradi wa Seli Uaji Asilia

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kazi imeanza rasmi leo. Chama cha sayansi cha shule yetu kimeombwa kutengeneza kifaa kimoja cha maonyesho kitakachoeleza kwa Kiswahili sehemu fulani ya kinga ya mwili, na baada ya mabishano ya muda wa saa nzima tumechagua seli ambazo kwenye majibu ya maabara huandikwa kwa herufi mbili tu, NK, kifupi cha Kiingereza "natural killer". Wanafunzi walitaka tushughulikie kingamwili, kwa kuwa zimo katika silabasi na hazikosi kuulizwa katika mtihani. Mimi nilizitetea hizi kwa sababu moja: kila ninapofundisha somo la kinga, masimulizi huwa yale yale ya mwili unaomtambua adui kwa sura, ukamtia alama, kisha ukamkumbuka akirudi siku nyingine. Seli hizi hazimo katika masimulizi hayo. Swali lao la kwanza linahusu kitu kilichotarajiwa kuwapo ambacho hakipo.

Wenye majukumu ni watano: mimi mwalimu wa biolojia, mtaalamu wa maabara ambaye hushinda akitazama damu kwa darubini, seremala mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa, mkunga mstaafu ambaye shule nzima humwita Bibi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeteuliwa kuwa katibu wetu.

Suala la jina limetuchukulia nusu ya kikao. Pendekezo la kwanza lilikuwa "seli za wauaji", na seremala, ambaye hakuwa amefungua kinywa, akauliza kama kifaa chetu kinahusu gereza la Shimo la Tewa. Alikuwa na haki ya kuuliza: kwa masikio ya mtu wa kawaida seli ni chumba cha mahabusu, na seli za wauaji ni mahali wanapofungiwa wauaji. Lilipoletwa "seli wauaji", katibu alipinga kwamba seli imo katika ngeli ya i-zi na haifai kuvishwa kiambishi cha watu. Tumekubaliana juu ya "seli uaji asilia", na sitaki suala hilo lifufuliwe.

Neno "asilia" limebebeshwa maana nzito. Mwaka 1975 Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell huko Stockholm, na Ronald Herberman na wenzake nchini Marekani, walieleza kuwapo kwa limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za panya zilizoweza kuua seli za saratani ingawa panya wenyewe hawakuwahi kukutanishwa na saratani hiyo. Uwezo ulikuwapo tayari bila mafunzo wala chanjo. Kabla ya hapo, mauaji hayo yalipojitokeza hata katika vikundi vya ulinganisho, watu wengi waliyahesabu kuwa dosari ya jaribio, nami nimemwambia katibu ayaandike hayo kwenye karatasi ya maelezo, kwa sababu mwanafunzi anayefuta kila tokeo asilolitarajia anahitaji kukisikia kisa hiki.

Alhamisi, 23 Januari

Katibu ameleta mchoro wa kwanza, nao unaonyesha askari mwenye bunduki akimlenga kirusi. Nimeukataa, na kwa kuwa kijana alivunjika moyo, ni haki nieleze hapa sababu zangu.

Karibu kila seli yenye kiini mwilini mwetu hubeba juu ya utando wake molekuli za HLA za daraja la kwanza. Molekuli hizo ni kama sinia: kila sinia huonyesha nje kipande kidogo cha protini iliyotengenezwa ndani, ili seli T, kundi jingine la seli za kinga, zipite na kukagua. Kirusi kikiingia, vipande vyake navyo hupakuliwa, na seli T inayovitambua huiua seli hiyo. Virusi kadhaa pamoja na seli nyingi za saratani vimepata njia ya kukwepa ukaguzi huo, nayo ni kuyaondoa masinia yenyewe. Klas Kärre wa Stockholm aliliona jambo hili kwa upande wa pili. Katika tasnifu yake ya mwaka 1981 alipendekeza kwamba seli uaji asilia hutafuta ukosefu wa alama ya nafsi, na mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha ushahidi katika jarida la Nature: seli za saratani ya limfu zilizopoteza molekuli hizo zilikataliwa na panya, ilhali ndugu zao waliozihifadhi walistawi na kuwa uvimbe. Kirusi kinachojificha kwa kuyaondoa masinia kinaruka majivu na kukanyaga moto.

Askari wa katibu hawezi kulionyesha hilo, kwa maana askari humtafuta mtu anayefanana na adui. Nilijaribu kutafuta mfano mwingine, nikashika ule wa hodi: seli uaji hupita mlango kwa mlango ikipiga hodi, seli yenye afya huitika "karibu" kwa HLA yake, na vipokezi vya kuzuia, vikiwamo vile vya jamii ya KIR na kile kiitwacho NKG2A, hulisikia jibu hilo na kuiamuru seli uaji iendelee na safari.

Seremala aliusikiliza mfano huo mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, sisi tumefundishwa kwamba ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka zako. Hii seli yako haijui adabu?"

Sikuwa na jibu. Bibi ndiye aliyetuokoa. "Huyo unayemsema wewe ni mgeni, mwanangu. Jirani ni mwingine. Jirani akipita siku mbili hasikii sauti kwako, huita watu wakavunja mlango."

Basi ni jirani. Neno hilo limenipendeza kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa linalingana na jambo jingine lililothibitishwa katika panya mwaka 2005, kwamba seli uaji ambayo katika kukua kwake haikuwahi kuitikiwa na HLA ya mwili wake hubaki dhaifu na nzito kuchokozeka. Ni lazima ilelewe mahali ambapo hodi huitikiwa ndipo ijue uzito wa kimya. Seremala amekubali kutuchongea milango midogo kumi na miwili yenye nakshi, akasema nakshi za ukubwa huo zitamtia upofu.

Jumamosi, 1 Februari

Tumekwenda maabara kuzitazama. Mtaalamu alitumia damu yake mwenyewe, akaitandaza juu ya kioo, akaipaka rangi ya Giemsa ile ile anayoitumia kila siku kutafutia vimelea vya malaria, akatuachia darubini. Mwanzoni wanafunzi hawakuona kitu zaidi ya uwanja wa chembe nyekundu. Kisha akasogeza kioo polepole hadi akasimama, akasema, "Hiyo hapo, msiiguse meza."

Ilikuwa limfosaiti kubwa kuliko wenzake, yenye kiini cha zambarau kilichosukumwa kando, na katika ule uwazi wa samawati iliyopauka palikuwa na chembechembe chache za rangi ya komamanga ambazo ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Hizo chembechembe ndizo ghala la silaha. Mtaalamu alituonya tusishangilie mapema, kwa kuwa seli T za kuua huweza kuwa na umbo hilo hilo, na darubini peke yake haitenganishi. Ili kuwa na hakika lazima damu ipitishwe katika mashine ya flosaitometa, itafutwe seli isiyo na alama ya CD3 na yenye alama ya CD56. Kwa kipimo hicho, seli uaji huwa kati ya asilimia 5 na 15 ya limfosaiti zote za damu ya mtu mzima, na takriban tisa katika kila kumi kati yao ni zile zenye CD56 hafifu na CD16 nyingi, yaani kundi lililo tayari kuua. Zile chache zenye CD56 nyingi hutoa zaidi saitokini, yaani protini ambazo seli hupashana habari kwazo, hasa intaferoni gama, ambayo huziamsha makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama angeweza kupimwa idadi yake. Mtaalamu alicheka na kumwambia apande ngazi mbio kwanza: mazoezi makali hutoa adrenalini inayozibandua seli hizi kutoka kuta za mishipa, idadi yake katika damu ikapanda mara kadhaa ndani ya dakika chache, kisha ikashuka chini ya kawaida mazoezi yakimalizika.

Jumatano, 12 Februari

Milango saba imekamilika. Fundi umeme ameunganisha kifaa cha kwanza, nacho kimefanya kazi barabara kwa namna isiyo sahihi.

Mpango ulikuwa kwamba mgeni agonge mlango, na nyuma ya kila mlango kuwe na swichi. Mlango wenye HLA ukigongwa, swichi hukata mkondo na kengele hukaa kimya. Mlango usio na HLA ukigongwa, mkondo hupita na kengele hulia. Tulijaribu mlango wa ini, kimya. Tulijaribu mlango wa seli ya saratani iliyopoteza HLA, kengele ikalia, tukapiga makofi. Katibu akagonga mlango wa chembe nyekundu ya damu, na kengele ikalia kwa nguvu ile ile.

Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, na HLA ya daraja la kwanza juu yake ni kama hakuna. Kama kimya peke yake kingetosha kuhukumu, seli uaji zingeziteketeza chembe zote nyekundu, na kila mmoja wetu angekufa kwa upungufu wa damu kabla ya kuona mlango wowote wa nakshi. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyempa fundi mchoro wa nyaya, na nilikuwa nimeusimulia ule mfano wa hodi kwa ulimi mtamu kiasi kwamba nilisahau nusu ya mambo.

Nusu niliyoisahau ni hii: seli uaji ina vipokezi vya kuchochea pia, navyo hutafuta dalili za dhiki. Kipokezi kiitwacho NKG2D hushika molekuli kama MICA na MICB, ambazo seli huzitoa nje inaposhambuliwa na kirusi au inapogeuka kuwa saratani. Kimya hakivunji mlango mpaka na moshi uonekane juu ya paa. Chembe nyekundu ni nyumba tupu isiyo na wa kuitika, lakini pia haina moto ndani, na jirani mwenye akili hupita.

Jumamosi, 22 Februari

Fundi umeme alipendekeza kuongeza swichi ya pili kwa kila mlango ili kengele ilie pale tu ambapo hakuna jibu na kuna dhiki. Ningekubali, lakini huo nao ungekuwa uongo. Seli iliyoambukizwa yaweza kubaki na sehemu ya HLA yake na bado ikauawa endapo dalili za dhiki ni nyingi, na nyingine yaweza kuwa na dhiki kidogo ikasamehewa kwa sababu jibu lake ni kubwa. Uamuzi hutokana na jumla ya yote yanayosikika kwa wakati mmoja, na hakuna swichi ya ndiyo au hapana inayoweza kuibeba jumla hiyo.

Seremala, ambaye mambo ya umeme humkera, aliondoka bila kuaga, akarudi baada ya adhuhuri na mizani kuukuu ya vitanga viwili aliyoipata kwa muuza viungo wa Kongowea, pamoja na chubwi za wavuvi ndani ya mfuko wa nailoni. "Pimeni," alisema.

Tumefanya hivyo. Kila mlango sasa una vibweta viwili nyuma yake, cheupe na chekundu. Mgeni hugonga, hufungua, huchukua chubwi zilizomo, na kuzitia katika vitanga: nyeupe upande wa kuzuia, nyekundu upande wa kuchochea. Kitanga chekundu kikishuka hadi chini hugusa kipande cha shaba, na kengele hulia. Ini lina chubwi tatu nyeupe na moja nyekundu, hivyo mizani hulala upande wa amani. Seli ya saratani iliyovua HLA haina nyeupe na ina nyekundu mbili. Seli iliyoambukizwa na kirusi ina moja nyeupe dhidi ya nne nyekundu. Chembe nyekundu haina chochote, mizani inasimama sawasawa, na kengele hailii. Tulipoona hilo katibu aliruka.

Chubwi moja ni kubwa kuliko nyingine zote, ya kuzamishia nyavu, nayo inawakilisha CD16. Kipokezi hicho hushika mkia wa kingamwili iliyokwisha kuganda juu ya seli lengwa, na ndicho kinachoweza, peke yake, kuiamsha seli uaji iliyotulia, ilhali vingine vingi huhitaji kusaidiana. Dawa kama rituksimabu, inayotumika kutibu saratani fulani za limfu, hutegemea kwa sehemu mlango huu: kingamwili huigandama seli ya saratani, na seli uaji hushika mkia wa kingamwili. Nimeagiza iandikwe wazi kwenye ubao kwamba idadi ya chubwi ni yetu ya kufundishia, haikupimwa na mtu yeyote maabara.

Jumanne, 4 Machi

Mfungo umeanza na tumepunguza vikao. Milango mitano iliyobaki inachongwa usiku baada ya tarawehe. Mchapishaji wa karatasi za maelezo alirudisha kazi ikiwa na "seli za uaji" kila mahali, ametakiwa arudie.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo tulijaribu kuonyesha namna seli inavyouawa, na jaribio la kwanza limetupwa.

Wanafunzi walikuwa wametengeneza mfuko wa nailoni uliojaa maji ya rosela, wakauandika "saratani", na mmoja wao akautoboa kwa sindano. Maji mekundu yaliruka hadi kwenye shati la mtaalamu wa maabara, na darasa zima likashangilia. Ni onyesho la kupendeza lenye kosa la msingi. Ni kweli kwamba chembechembe za seli uaji zina perforini, na ni kweli kwamba perforini hutoboa utando. Lakini kazi yake kubwa ni kuipa njia protini nyingine iliyomo katika chembechembe hizo hizo, yaani granzaimu. Granzaimu ikiingia hukata na kuamsha vimeng'enya vya seli lengwa yenyewe viitwavyo kaspesi, navyo huanzisha kifo cha mpangilio: DNA hukatwakatwa, seli husinyaa, hugawanyika katika vifurushi vidogo, na makrofaji huvimeza. Vilivyomo ndani havimwagiki ovyo, na majirani hawachafuliwi. Mfuko wetu wa rosela ulifundisha kinyume chake.

Nyaya zile zilizotukosesha mwezi wa Februari zimepata kazi hapa. Ndani ya mlango mmoja mkubwa tumeweka nyumba ya mbao yenye taa sita. Mgeni huingiza ufunguo kupitia tundu, akauzungusha, na taa huzimika moja baada ya nyingine, kuanzia vyumba vya ndani hadi barazani, bila mlango kuvunjwa. Tundu ni perforini, ufunguo ni granzaimu, na swichi za taa ni mali ya mwenye nyumba.

Mtaalamu, shati lake likiwa bado na madoa, aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelipangia nafasi. Seli uaji inapoishika seli lengwa hukokota chembechembe zake hadi mahali hasa zilipogusana, ikazimwaga katika ufa huo mwembamba tu, kisha yenyewe hujibandua ikiwa hai na kuweza kuendelea na nyingine. Maabara huutumia mwendo huo kama kipimo: utando wa ndani wa chembechembe, wenye protini iitwayo CD107a, hutokeza nje wakati wa kumwaga, hivyo seli iliyotoka kufyatua hubaki na alama hiyo juu yake. Lengo linalopendwa katika vipimo ni seli za K562, zilizotokana na mgonjwa wa saratani ya damu, kwa sababu karibu hazina HLA ya daraja la kwanza. Hazijui kuitika, kama alivyosema katibu.

Jumamosi, 26 Aprili

Masika imeanza, na unyevu umeivimbisha milango miwili hata haifunguki. Seremala ameichukua kuipiga randa.

Kikao cha leo kilikuwa cha Bibi. Mlango wa kumi unahusu mji wa mimba, na alipolisoma jina "seli uaji" kando ya picha ya mwanamke mjamzito, aliiweka karatasi chini, akavua miwani. "Mtamtisha mwenye mimba kwa jina hili," alisema. "Nyumbani atalala wapi akijua tumboni mwake mna wauaji?"

Ana haki, na jina ndilo lenye lawama. Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, seli uaji huweza kufikia kiasi cha asilimia 70 ya seli nyeupe katika utando wa mji wa mimba pale kondo linapojishikiza, wala haziui mtoto. Ni aina tofauti na zile za damuni, na silaha zao hazitumiki kwa namna ile. Hushirikiana na seli za kondo katika kuipanua mishipa ya damu ya mama, ili mkondo wa kutosha umfikie mtoto. Upanuzi huo ukiwa hafifu, hatari ya preeklampsia huongezeka, yaani shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia katika kifafa cha mimba, ambacho Bibi amekiona kwa macho yake zaidi ya mara anazotaka kuzikumbuka.

Hapo nilimweleza kuhusu Kampala. Mwaka 2015 Annettee Nakimuli na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Uganda, yakionyesha kwamba jeni fulani za KIR za mama huambatana na hatari ya preeklampsia, na kwamba kuna kipande cha jeni za KIR kinachopatikana kwa Waafrika, kisichoonekana kwa watu wa Ulaya, ambacho huambatana na kinga dhidi yake. Vipokezi vile vile vinavyosikiliza jibu la hodi katika damu ndivyo vinavyosikiliza HLA ya kondo, ambayo nusu yake imetoka kwa baba. Bibi alitaka kujua kama basi ni kosa la mume. Nilimwambia kwamba ni suala la mama na baba kukutana mlangoni, na akasema hilo alilijua kabla ya darubini.

Mlango wa kumi hautakuwa na neno "uaji". Utaandikwa "seli asilia za mji wa mimba", na ukigongwa, badala ya chubwi, ndani kutakuwa na mfereji mdogo unaopanuka.

Jumanne, 13 Mei

Mlango wa kumi na moja na wa kumi na mbili ni wa walaghai, na nakiri kwamba ndiyo milango ninayoipenda zaidi katika ubao huu.

Wa kumi na moja ni wa saitomegalovairasi. Kirusi hiki huondoa HLA ili kuzikwepa seli T, kisha, kwa kuwa kimya kitamwita jirani, hutengeneza protini yake iitwayo UL18 yenye umbo linalofanana na HLA na kuisimamisha mlangoni iitike badala ya mwenye nyumba. UL18 hushikwa na kipokezi cha kuzuia kiitwacho LILRB1, tena kwa nguvu kuliko HLA ya kweli. Virusi vya UKIMWI hutumia hila nyingine: protini yao ya Nef huziondoa HLA-A na HLA-B, ambazo seli T huzitegemea sana, lakini huiacha HLA-C, ambayo vipokezi vya KIR huisikiliza.

Wa kumi na mbili ni chembe nyekundu iliyoingiwa na Plasmodium falciparum, kimelea kinachojulikana na kila nyumba ya pwani hii. Nyumba tupu sasa ina mpangaji. Mwaka 2017 watafiti wa Osaka, Japani, walionyesha kwamba baadhi ya protini za kimelea ziitwazo RIFIN, ambazo hutokezwa juu ya chembe nyekundu, hushika LILRB1. Ni kipokezi kile kile. Kirusi na kimelea cha mbu, visivyo na undugu wowote, vimegundua kila kimoja kwa njia yake sauti moja ya kumdanganya jirani yule yule. Tumechonga milango hiyo miwili kwa nakshi moja ili mgeni alione hilo bila kuambiwa.

Kisha tukakwama. Kilifi, mwendo wa takriban saa moja na nusu kutoka hapa, kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kimefuatilia kinga ya malaria kwa miaka mingi, na makala iliyochapishwa mwaka 2023 na watafiti wanaohusiana na kituo hicho ilionyesha kwamba kingamwili dhidi ya merozoiti huzichochea seli uaji kumwaga chembechembe na kutoa intaferoni gama, na kwamba uwezo huo uliambatana na kinga katika watu wa kujitolea waliokubali kuambukizwa malaria chini ya uangalizi. Ni chubwi yetu kubwa, CD16, ikifanya kazi mahali petu. Lakini merozoiti ni kimelea kikiwa njiani, kimetoka chembe moja na hakijaingia nyingine, kwa hiyo hakina mlango wa kugongwa. Seremala alikataa katakata kuchonga mlango usio na nyumba. Tumetundika nje ya ubao uzi wenye ushanga mmoja, na chubwi kubwa imefungwa kwenye uzi huo. Kwa macho haipendezi, lakini ni sahihi, na nimeamua ibaki.

Jumamosi, 24 Mei

Ubao umewekwa mbele ya wageni kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa shule.

Mama mmoja aliuliza maswali kwa utulivu, mwishoni akataka kujua ingekuwaje mtu azaliwe bila seli hizi kabisa. Nilimweleza kisa kilichochapishwa mwaka 1989 na Christine Biron na wenzake, cha msichana aliyekosa seli uaji, aliyepatwa na tetekuwanga kali mno, kisha saitomegalovairasi, kisha herpesi, maambukizi ambayo watu wengi huyapita bila kutishiwa uhai. Alitikisa kichwa, akaurudia mlango wa kumi na moja, akaufungua tena.

Malalamiko yalikuwa mamoja, yalirudiwa mchana kutwa, na yalitoka kwa watoto. Kati ya milango kumi na miwili, ni minne tu inayoliza kengele. Mtoto hugonga wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Kisha humwambia mamake kwamba kifaa ni kibovu. Mwalimu mwenzangu alishauri tuongeze milango inayolia ili watu wasichoke. Nimekataa, kwa sababu seli hii hupita karibu na seli zisizo na idadi kila siku, na nyingi mno huziacha kama ilivyozikuta. Ubao unaolia kila unapoguswa ungemrudisha yule askari wa bunduki kwa mlango wa nyuma.

Jioni, tulipokuwa tukifunika ubao kwa turubai, nilikuta kwamba katibu alikuwa amebandika karatasi chini ya mizani, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Kengele si mbovu. Umeitikiwa. Piga hodi mlango unaofuata."